Kifuniko cha Chini cha Amplifaya

Mpendwa shemeji Lubinza,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa shuleni kuanza barua, na darasa la tano nilipoishia hawakunifundisha neno lingine. Usilipokee kama zawadi.

Salamu zako zimenifikia. Doto, mpiga tumba wetu, alikuja huku Kilombero kutafuta kibarua cha kukata miwa kama mimi, mgongo ukamshinda. Jana akifunga mizigo yake arudi Mwanza ndipo akasema ulichomtuma.

"Shemeji yako anauliza, ulikuwa unafanyaje kuinyamazisha ile amplifaya? Imeanza kulia tena. Ila anataka njia ya kuinyamazisha bila kuifungua."

Bila kuifungua! Nilicheka, shemeji, mpaka masizi ya miwa yakanipalia.

Unakumbuka tulivyoipata? Kiwanda cha pamba kilipouzwa, sisi tukapunguzwa kazi, na bendi ya kiwanda tukaachiwa vyombo vyake kuukuu. Bendi nyingine za mjini zilikuwa zinanunua amplifaya mpya za Dubai, nyepesi kama sanduku la nguo. Yetu iliinuliwa na watu wawili. Ilikuwa ya zamani, ya taa za kioo ambazo mafundi huziita valvu, na ukiiwasha ilibidi uzingoje zipate joto. Wewe ulikuwa ukisema, "Hii ni mama mkwe, haiharakishwi," na dada yangu Kabula anakuchapa mgongoni na khanga. Ulipopiga solo pale baa ya Butimba, bia zilipata joto mezani kwa kusahauliwa. Nilikuwa nabeba nyaya zako na najiona mtu. Siku zile nilikupenda kuliko ndugu wa tumbo moja, na hilo ndilo linaloniuma nikiinama kwenye muwa.

Kisha ikaanza kulia. Ilikwaruza kama mtu anayeburuta bati, hasa ukigusa ile kamba nene. Mkasema ni bendi ya ng'ambo ya mtaa imeturoga. Mimi nilisema tungoje, nitafute.

Nilitafuta mbele yenu wote, mchana, kwa namna niliyofundishwa na fundi umeme wa kiwanda. Nilichomoa gitaa lako, mlio ukabaki. Basi si gitaa, wala si waya wake. Nilizungusha kitufe cha sauti, mlio haukupanda wala kushuka. Basi si kitufe. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikidhani ni wale wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kufuata kila penye mwanga. Niliwakuta wamekaukia humo, nikawafagia kwa brashi. Ukabaki. Ndipo nikaazima mwiko wa jikoni pale baa, nikagonga taa moja moja kwa mpini, taratibu, nikisikiliza. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikapiga kelele kama imekanyagwa.

Niliizima, nikangoja, nikaichomoa. Nyuma ya kiti chake, pale taa inapochomekwa, kulikuwa na kifurushi cha ngozi, kidogo kama kidole gumba, kimefungwa kwa waya wa gitaa. Ncha ya ule waya ndiyo iliyokuwa inagusa chuma kila kasha lilipotikisika.

Mlirudi nyuma wote. Kila mtu Usukumani anajua kifurushi cha namna ile kinatoka kwa nani na kinawekwa kwa nini. Mimi nilikutazama wewe, kwa sababu ule waya ulikuwa kamba yako ya kwanza, iliyokatika wiki ya nyuma ukaitia mfukoni nikiona. Uliweka dawa ya ushindi, shemeji. Hata sikukasirika. Nilidhani utacheka, useme, "Jamani, ni yangu, tulikuwa tunashindana na bendi za mjini."

Ukasema, "Mbona yeye alijua pa kufungua?"

Maneno manne au matano, na sikuwa na jibu la haraka. Ule waya sikuutaja kwa heshima, wewe ni mume wa dada yangu. Mpiga besi akadakia, "Kweli, kaenda moja kwa moja!" Mwingine akasema, "Mtoto wa nyoka. Mama yake yule, mmeshamwangalia macho?"

Moshi wa kuni ndio uliomtia mama yangu macho mekundu. Moshi ule ule uliopika chakula ulichokula ukija kuposa. Lakini mtaa wetu wote wa Buhongwa ukaulizana ni nani aliyenifundisha uchawi. Wanawake waliacha kuja kwake kuomba moto. Kwenye msiba wa jirani mama alipika ugali kama wenzake, ukamwagwa kwa mbwa huku anaona. Ulikuwepo, shemeji, umekaa na wanaume. Mama mkwe wako, ambaye kwa mila yetu hata jina lake hulitaji, na hukuinua kichwa.

Tulimvusha ziwa usiku kwenda kwa mjomba kisiwani Ukerewe kabla hawajaja na mapanga. Mimi nikapanda treni. Kabula alinisindikiza stesheni, akaniambia, "Kaka, nitakaa na mume wangu, nina watoto." Sikumlaumu. Wewe nakulaumu kila asubuhi nikinoa panga.

Sasa njia uliyoiomba hii hapa.

Siku ile sikuwa nimemaliza. Kifurushi kilipotoka niligonga tena, mkwaruzo ukawa mdogo lakini haukuisha. Ulitoka chini, upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshashika bisibisi nifungue kifuniko cha chini ndipo ukauliza lile swali lako, na wenzako wakanishika mkono. Doto ananiambia tangu siku hiyo umekataza mtu yeyote kuigusa, hata fundi uliyemleta ulimfukuza alipotaka kuigeuza. Humo kuna cha pili. Unaogopa kitaonekana, na unaogopa kukitoa, maana aliyeweka huambiwa na mganga asitoe kwa mkono wake.

Utakitoa kwa mkono wako. Barua hii haikufungwa, na Doto ataisoma mbele ya bendi na wenye baa mkiwa mmekaa. Chomoeni umeme na mngoje sana, kwani umeme hubaki tumboni mwake hata baada ya kuchomoa. Sitaki ufe. Mfu hajibu maswali. Igeuzeni. Skrubu za kifuniko zina kutu ya miaka yote hii, kila mtu ataona kwamba hazijaguswa tangu niondoke.

Mtauliza tena nimejuaje pa kufungua. Nilisikia. Hilo ndilo jibu nililokosa siku ile, nimelibeba mpaka huku.

Kikitoka, utavuka kwenda Ukerewe kumchukua mama, na utatembea naye Buhongwa nzima mchana, mlango kwa mlango, ukisema kilikuwa cha nani. Usipokwenda, nitakuja mimi msimu wa miwa ukiisha, na sitakuja na mwiko.

Nimechoka, taa yangu ya mafuta inaisha. Msalimie Kabula na wapwa zangu. Wewe sikuagi.

Shika bisibisi, shemeji. Doto atakumulikia.

Ni mimi,
mtoto wa mama mkwe wako