Kitabu Kilichorudi Elburgon

Elburgon,
3 Februari 1957

Kwa dada yangu mpendwa Truphosa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua, na baridi ya huku unaijua. Wewe u hali gani hapo Bondeni, Nakuru? Mpwa wangu Nabalayo je, bado anawashinda wavulana kwa hesabu?

Baada ya salamu, dada, kazi imekwisha. Ijumaa msumeno mkubwa ulisimama saa nne asubuhi, bwana akatukusanya, akasema wanunuzi wa mbao wamepungua, kila mtu achukue mshahara wake aende. Watu sitini na wawili. Miaka tisa nimevuta magogo katika kiwanda kile, na kuagana kwetu hakukutosha hata muda wa kunywa chai.

Lakini upo mfuko wa wasio na kazi, ule tuliokuwa tukikatwa senti hamsini kila mwezi huku tukinung'unika. Utatoa shilingi arobaini kwa mwezi na debe la unga, miezi mitatu. Sharti ni moja: usiwe na akiba popote. Mwenye akiba ale akiba yake kwanza. Kila mtu atasimama mbele ya kamati aulizwe. Wengine wataapa kwa Biblia au kwa Kurani. Sisi wa Kanisa la Marafiki hatuapi, tunajibu tu, na kamati imekubali kwamba ndiyo yetu ni ndiyo na siyo yetu ni siyo.

Hapo ndipo nilipokwama. Kile kitabu cha akiba cha Posta ulicho nacho kina jina langu. Zile mia tisa ulizopewa mumeo Khisa alipofariki zimo humo, nami sijagusa hata senti. Nataka kuwaambia kweli: jina ni langu, fedha ni za dada yangu mjane. Unasemaje? Tunaulizwa Jumamosi tarehe kumi na sita. Niandikie kwa sanduku la duka la Obeid, si la kiwanda.

Mdogo wako,
Khaemba

Nakuru,
7 Februari 1957

Ndugu yangu Khaemba,

Salamu kwako. Sisi tu wazima. Nabalayo amekuwa wa pili, na aliyemshinda ni msichana, kwa hiyo hana kinyongo.

Pole sana kwa kazi. Nimelia nikamaliza, sasa nisikilize. Umelogwa? Umesahau karani wa kamati hiyo ni nani? Ni Joash, kaka yake Khisa, yule yule aliyehesabu hata vijiko vyangu kwenye matanga! Nilimwambia fedha ziliisha kwa jeneza na madeni. Akijua zipo, atakuja hapa na wazee waseme fedha ni za ndugu yao na mwanamke ni wa ndugu yao, twende zetu kwao Kimilili. Nitarithiwa niwe mke wake wa tatu. Na Nabalayo alishamtazama mwaka juzi akasema huyu amekomaa, shule ya nini. Mtoto ana miaka kumi na tatu, Khaemba.

Mjane hawezi kuwa na kitabu Posta kwa jina lake, ndiyo maana tulitumia lako. Kwani wewe una akiba? Huna. Basi wakikuuliza, sema huna. Utakuwa umesema kweli.

Kitabu usihangaike nacho. Karani wa Posta alisema kila mwaka kinatakiwa kiende Nairobi kuandikwa faida, nami nilikipeleka jana.

Dada yako,
Truphosa

Elburgon,
17 Februari 1957

Dada Truphosa,

Nakusalimu. Afya ninayo, usingizi sina.

Jana nilisimama. Joash aliuliza, "Khaemba, una akiba Posta, benki au kwa mtu?" Nikasema, "Sina." Hakuniuliza mara ya pili. Aliandika, akasema, "Huyu ni wa Marafiki, hawa hawadanganyi." Watu wakaitikia. Nilipokea shilingi arobaini na debe langu.

Nyuma yangu alikuwa Darweshi, tuliyekuwa tukishika msumeno mmoja, mimi huku yeye kule. Ana watoto watano. Aliapa kwa Kurani, akasema anazo shilingi sitini Posta. Wakamfuta. Akaniambia nje, "Bora wewe ndugu yangu, ule kwa amani." Dada, unga ule sijaufungua.

Nimekaa nikasoma tena barua yako, na moyo umenishuka. Kitabu kimekwenda Nairobi. Kikitoka huko kitarudi kwa anwani gani? Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Khaemba

Nakuru,
20 Februari 1957

Khaemba ndugu yangu,

Salamu. Nimetoka Posta sasa hivi, bado nina jasho. Karani anasema kitabu hurudishwa kwa anwani iliyoandikwa ndani yake, yaani yako, kwa sanduku la kiwanda. Nilimwomba akizuie, akasema mama, hiyo ni Nairobi, si duka la jirani. Mwaka jana hakikupelekwa, ndiyo maana hatukujua.

Nani anachukua barua za kiwanda siku hizi? Muwahi kabla hajakishika. Nisamehe, nilidhani naangalia mali, kumbe najichimbia shimo.

Dada yako,
Truphosa

Nakuru,
12 Machi 1957

Ndugu yangu,

U mzima? Wiki tatu hujaniandikia. Kila nikisikia viatu mlangoni nadhani ni Joash na wazee wake. Nimemwambia Nabalayo akitoka shule aende kwanza kwa Mama Khamisa, mwenye nyumba, asiingie chumbani peke yake. Nimemweleza Mama Khamisa yote. Sikuwa na namna.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Truphosa

Elburgon,
24 Machi 1957

Dada yangu Truphosa,

Salamu. Ni mzima wa mwili. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kukuambia ila hofu, na hofu unayo ya kukutosha.

Ufunguo wa sanduku anao Joash. Kila Jumamosi hupanda juu ya rundo la mbao akaita majina, na kila Jumamosi nimekuwa wa kwanza kufika. Jana aliinua bahasha ya serikali, akaipapasa, akaifungua mbele ya watu wote. Akasoma jina langu. Kisha akasoma fedha: mia tisa na kitu.

Akashuka, akanisogelea kwa sauti ya upole. "Khaemba, wewe si mwongo. Labda kuna mtu ulimwekea. Mtaje tu, nasi tutajua hukudanganya." Dada, alijua. Nilimwona machoni kwamba anajua ni zako, alitaka tu mdomo wangu umpe jina. Jina langu jema, miaka yote niliyoishi na watu hawa, vilikuwa pale, nichukue tu.

Nikasema, "Ni zangu."

Joash alinirudishia kitabu. Darweshi alitema mate chini, akaondoka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Njia ya mwongo ni fupi. Wamenifuta kwenye mfuko na kunidai nilichopokea Februari na Machi. Leo kanisani nimeambiwa nisifundishe tena watoto wa Jumapili. Nimeuza baiskeli, nimelipa fedha zote na madebe mawili ya unga. Kutoka kwenye kitabu sikuchukua kitu, wala sitachukua.

Nitashuka Nakuru Jumatatu tarehe moja nizitoe fedha zote nikukabidhi mkononi. Sitaki tena kulala na kitabu hiki.

Mdogo wako,
Khaemba

Nakuru,
4 Aprili 1957

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na gari la moshi halikukuchelewesha. Sisi tu wazima, na Nabalayo anauliza kwa nini mjomba hakumaliza chakula.

Jumatatu sikuweza kusema, kwa hiyo naandika. Mama Khamisa alipotukuta dirishani Posta na fedha mezani, akauliza, "Mwanangu, mbona wataka kuzibeba? Si ufungue kitabu chako? Mimi nnacho changu tangu vita, na mume sina." Na karani akacheka, "Mama, mwanamke alikatazwa lini?" Niliona jinsi wewe pia ulivyocheka, kisha ukatoka nje. Nilikukuta umeegemea ukuta, unalia kama siku tulipomzika baba. Nami nikasimama tu, na kitabu kipya mkononi.

Hakuna aliyetukataza, Khaemba. Tuliogopa hata kuuliza, maana kwetu kuuliza ni kutangaza. Kwa hofu hiyo nilikutuma useme uongo, tena nikakufundisha namna ya kuuita kweli. Kosa ni langu. Naona haya mbele yako, na wewe ndiye mdogo.

Fedha za kwanza nilizotoa kwa sahihi yangu ni za baiskeli yako. Usibishane nami.

Jumamosi napanda gari nije Elburgon. Jumapili nitakaa upande wa wanawake, na kabla ya wimbo wa mwisho nitasimama niseme fedha zilikuwa za nani na kwa nini. Mwambie Darweshi aje asimame hata mlangoni, si lazima aingie. Joash atakuwa benchi la mbele kama kawaida yake. Na asikie. Najua atakuja hapa na wazee, na ninaogopa, sikufichi. Lakini sasa bila mkono wangu hapati senti, na Mama Khamisa amesema mlango ni wake, ataufungulia amtakaye.

Nikimaliza kusema, nitawaomba wakusimamishe wakuulize tena swali lile lile: Khaemba, una akiba? Nataka niwepo ukijibu.

Dada yako,
Truphosa