Mkulima wa Arobaini na Moja

Idara ya Sayansi ya Mimea,
Itetemia, Tabora.
8 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta na afya njema, goti lako likiwa limetulia na kitalu cha tumbaku kikiwa kimeota vizuri bila kuparuliwa na kuku wa jirani yetu Marcelina. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila nimekonda kidogo kwa sababu nitakazozieleza. Najua anayekusomea ni Stela. Stela mdogo wangu, soma kwa sauti, usiruke mstari, na usicheke kabla Mama hajacheka.

Utauliza kwa nini nimeandika ilhali simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu, Mama, hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na jambo nililo nalo safari hii lina sentensi nyingi.

Nianze na habari njema. Mwezi Februari niliteuliwa kuwa katibu wa Kamati ya Mapitio ya Mtaala katika chuo kikuu chetu cha kilimo. Mtaala, kwa maelezo mafupi, ni mpango wa yote atakayofundishwa mwanafunzi, kwa saa ngapi, na jinsi atakavyoonyesha kwamba ameelewa. Niliahidiwa kwamba nikiifanya kazi hiyo vizuri nitathibitishwa kuwa mhadhiri msaidizi. Nikiiharibu, mkataba wangu utafikia kikomo na hautahuishwa. Siku hiyohiyo nilinunua tai.

Mwenyekiti wetu ni Dkt. Abdulnasser, mzaliwa wa hapa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi. Ni mtu mpole. Huja vikaoni na birika la kahawa na sahani ya halua, hukusikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja tu, na swali hilo hukufanya utamani kurudi darasa la kwanza. Katika kikao cha mwanzo aliwaomba wahadhiri wote wapunguze saa za masomo yao. Wote waliongeza. Dkt. Bernadeta wa sayansi ya udongo alisema kwa uchungu kwamba kuunyang'anya udongo saa mbili ni kumwambia mkulima apande hewani. Nilipojumlisha nilipata saa sabini na moja za darasani kwa wiki. Mwenyekiti alimaliza kikombe chake, akauliza kama mwanafunzi huyo tumempangia muda wa kuoga.

Ubishi ulipozidi, iliamuliwa tuwaulize wakulima wenyewe wanawaonaje wahitimu wetu. Nikakabidhiwa hojaji arobaini, nikapanda basi kwenda Urambo mwezi wa Juni nikiwa nimevaa tai. Nilifika siku ya soko la tumbaku. Sikutafakari, Mama, kwamba mtu mwenye tai na karatasi anayepita katikati ya marobota siku ya soko hawezi kuonekana ni wa chuo. Wakulima walinidhania mtu wa wanunuzi, aliyekuja kuona nani ana kinyongo ili robota lake lishushwe daraja. Niliwauliza kama maofisa kilimo wanawasaidia. Wakajibu wanasaidia mno. Nikawauliza upungufu wao. Wakasema hawana upungufu hata mmoja, na Mungu awazidishie. Mzee mmoja alinisihi niandike kwamba hata mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri sana. Nilirudi Tabora na karatasi arobaini zilizojaa shukrani.

Dkt. Abdulnasser alizisoma zote. Alisema kwamba amewahi kusikia watu arobaini wakikubaliana namna hii msibani tu, wanapomsifu marehemu, na akauliza kama wahitimu wetu wameshafariki. Alinipa siku tatu nimletee angalau mkulima mmoja anayesema kweli.

Mama, hapo ndipo ulipoingia wewe.

Sikuwa na nauli ya kurudi Urambo, wala ujasiri. Nilichukua hojaji moja tupu, nikafunga mlango wa ofisi, nikajiuliza ungejibu nini. Sikuhitaji kubuni. Maneno yako yote ninayo kichwani, kwa kuwa uliniambia kila nilipokuja likizo. Niliandika juu: Mkulima wa 41, mwanamke, Ulyankulu. Kisha nikaandika kwamba chuo kilimchukua mwanao miaka mitatu, kikamrudisha akijua jina la Kilatini la kila gugu na asing'oe hata moja. Kwamba alikuja na kitabu kinachoeleza jinsi ya kushika jembe, na kitabu ndicho alichokuwa amekishika. Kwamba alimfundisha mama yake nafasi kati ya mche na mche, mama yake akiwa amepanda misimu ishirini na sita, na alipopewa tuta moja apande mwenyewe, mbuzi walimwonea huruma.

Kamati ilicheka mpaka Dkt. Bernadeta akavua miwani. Halafu, jambo ambalo sikulitarajia katika maisha yangu, Dkt. Bernadeta akasema kwa hiari yake kwamba saa mbili za udongo zichukuliwe, maana huyu mama amesema kweli. Wengine wakafuata. Zile hojaji arobaini ziliwekwa kabatini, na mtaala mzima ukajengwa juu ya ile yako. Sasa kuna somo jipya liitwalo Msimu kwa Mkulima. Kila mwanafunzi ataishi na mkulima kuanzia kupanda hadi kukausha, na nusu ya alama zitatolewa na mkulima mwenyewe. Nami nilijiona nimethibitishwa tayari.

Ndipo Mwenyekiti akauliza swali lake moja: atasimamiaje somo hilo mhadhiri ambaye hajalifaulu? Ikapitishwa kwamba wahadhiri vijana watalifanya kwanza, akianza katibu, kwa Mkulima wa 41, na kwamba kuthibitishwa kwangu kutategemea alama zake. Wakati wa kutoka, Dkt. Abdulnasser alinishika bega, akasema ana hamu ya kumwona mama huyu ambaye mwandiko wake na wa katibu ni mmoja. Atafika nyumbani Jumamosi ya tarehe kumi na tisa.

Stela, hapa mpe Mama maji kwanza.

Hojaji ile ilikuwa na swali nililolikalia siku nzima: taja hasara kubwa uliyowahi kupata, na chanzo chake. Hasara ilikuwa rahisi kuandika, ni lile bani la kukaushia la Machi mwaka jana, ambalo tumbaku yake yote ilitoka nyeusi. Chanzo ndicho kilichonishinda. Wewe husema ni kuni mbichi alizotuuzia mzee Gerson. Kwa sababu hiyo humsalimii, na unazunguka njia ya mbali kwenda kisimani usipite mlangoni kwake.

Mama, kuni zile zilikuwa kavu. Uliniachia bani adhuhuri hiyo ukaenda kanisani, nami nikapigiwa simu ya usaili wa kazi hii ya chuo. Mtandao ukawa haushiki. Nikapanda kichuguu cha nyuma ya shamba, nikakaa huko karibu saa mbili, na moto ukafa. Saa hiyohiyo nilikuwa nikieleza kwa ufasaha namna ya kutunza joto la bani lisishuke. Walinisifu. Niliposhuka nikakuta majani yameshabadilika, nikaona haya, na uliporudi nikasema kuni ni mbichi. Mzee Gerson aliniona juu ya kichuguu. Ulipomfokea mbele ya watu hakujitetea. Alinitazama tu, na jioni akaniuliza kama kazi nimepata.

Kwenye hojaji, mahali pa chanzo, niliandika: "Mwanangu hakuwepo." Hayo ndiyo maneno pekee ambayo hukuyasema wewe.

Nimemwandikia mzee Gerson barua yake, nayo imo ndani ya bahasha hii. Naomba uipeleke wewe mwenyewe, kwa njia ya karibu. Naomba pia kuni za msimu huu ziwe zake. Nitakuja pamoja na Dkt. Abdulnasser, bila tai, na nitabaki mpaka jani la mwisho likauke. Ukimweleza yote kabla sijakaa, sitakukatiza.

Nisalimie Marcelina na kuku wake, na wote wanaoniulizia. Stela, marahaba.

Ni mimi mwanao na mwanafunzi wako,
Prosperi Karoli

Nyongeza: Fomu ya alama anayo Dkt. Abdulnasser. Kipengele cha kwanza nilikitunga mimi, nacho kinauliza: "Alikuwepo?" Usikijaze siku hiyo, Mama, hata ukinihurumia. Kiache wazi mpaka tumbaku itoke banini.