Kisima Namba Nne

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa hesabu kaniletea faili la kodi la kampuni yetu ya gesi, nilithibitishe kwa saini. Sisi humwita Bwana Halali, maana kwake kila gharama ni halali kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Kuchimba visima — sawa, sheria inaruhusu. Mitambo kuchakaa — sawa. Kisima namba saba, kilichochimbwa kikakosa gesi — sawa, hasara ni hasara. Halafu namba nne: "Kimezibwa, ardhi imerudishwa kama ilivyokuwa."
Kimezibwa lini? Mjomba anakaa hatua mia mbili kutoka pale!

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia Mjomba. Kacheka mpaka kakohoa. Kizibwe na nani, mwanangu? Bado kinatoa gesi, tena siku hizi kinapiga mluzi. Mahindi yamenyauka yangali machanga. Mke wake anapikia nje hata mvua ikinyesha, anaogopa nyumba italipuka.

Jumatano, 5 Juni
Nikamkumbusha Bwana Halali: gharama ya kuziba kisima inaondolewa kazi ikishafanyika, si kabla. Hakukasirika. Bora angekasirika! Akasema kitazibwa tu, mwaka huu au ujao, kuna tofauti gani? Kisha, kwa upole kama anayenijulia hali: mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi huu, siyo?

Ijumaa, 7 Juni
Nimesaini faili.

Jumapili, 9 Juni
Mjomba kapiga simu. Sikupokea. Kapiga tena, mume wangu akapokea, akaniletea jikoni. Mjomba aliuliza kama nimewaambia wakubwa. Nikasema nimewaambia. Si uongo, niliwaambia! Akaniombea dua ndefu. Akasema pale kwake wanatembea vifua mbele, wana mtu wao ndani ya kampuni.
Mtu wao. Ptuu!
Mume wangu akauliza mbona sili. Nikamjibu vibaya. Yeye kakosa nini, maskini?

Jumanne, 18 Juni
Mkaguzi wa kodi kaja. Mama wa makamo, viatu vya chini, maji yake mwenyewe kwenye chupa. Chai ya ofisi hakuigusa. Kapekua kurasa, kasimama kwenye namba nne. Anataka kukiona kwa macho yake. Bwana Halali akatabasamu — akaninyooshea kidole! Huyu ndiye aliyethibitisha, atakupeleka.
Mshenzi. Kumbe ndiyo maana alitaka saini yangu, si yake. Na mimi, na shule yangu yote, nikampa.

Jumatano, 19 Juni
Naandika garini. Harufu tumeipata kilomita nzima kabla ya kufika. Mkaguzi akaziba pua na mtandio. Ameshuka peke yake. Mimi nimesema kichwa kinaniuma.
Kisima kiko wazi, bomba lina kutu, nyasi kulizunguka zimekufa. Anapiga picha.
Mjomba ametuona! Anakuja anachechemea, mikono juu, anacheka. Namsikia kupitia dirisha: karibu sana mama, asante kwa kuja, mpwa wangu alituambia ameshawafikishia habari zetu.
Mkaguzi anamuuliza mpwa wake ni nani.
Anaonyesha huku. Kwa fahari kabisa, Mungu wangu.
Sasa wanakuja wote wawili. Mkaguzi ameshika karatasi yenye saini yangu. Mjomba amewahi mbele, anataka kunifungulia mlango —