Kuku Watatu, Siku Zilezile

Dada Kabula,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikasubiri marahaba yako kama mjinga.

Kesho ni mtihani wa darasa la saba na mimi sijui kitu. Tangu malaria ikuchukue, nikiona swali la uwiano kichwa kinafunga. Baba amesema nikifeli nitakwenda Nyakato kwa shangazi, nikatafute kibarua kwenye vile viwanda vipya vya minofu ya sangara. Hakusema kwa ukali. Amechoka tu. Ile pamba tuliyozoea kuchuma mimi na wewe, mwaka huu nimeichuma peke yangu, siku zikawa mara mbili. Huo ni uwiano kinyume. Huo naujua kwa mgongo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi likizo kutoka chuo cha ualimu Butimba na vipande vya chaki, ukaugeuza mlango wa jikoni kuwa ubao? Uliniuliza: watu wanne wanalima shamba kwa siku sita, watu wanane watalilima kwa siku ngapi? Nikasema kumi na mbili. Nikakueleza kwamba wakija wengi, ngoma inaletwa, mbuzi anachinjwa, vijana wanashindana kurusha majembe juu, na shamba haliishi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Minza mdogo wangu, kwenye hesabu hakuna ngoma!"

Kisha ukaninyang'anya penseli. Ukasema niulize kwanza: hiki kikiongezeka, kile kinafanyaje? Kikiongezeka nacho, uwiano ni wa moja kwa moja. Kikipungua, ni kinyume. Wakulima wakizidi, unga wa ugali unazidi, siku zinapungua. Nikajiona bingwa. Hapo hapo ukanitega: kuku mmoja huatamia mayai siku ishirini na moja, kuku watatu je? Nikarukia, saba! Mama alikuwa anachambua mchicha, akacheka kuliko wewe. Ukaniambia si kila vitu viwili vina uwiano, na kwamba hapo ndipo watu wengi wanapoanguka.

Dada, siku ya msiba wako watu walijaa uani mpaka barabarani. Wazee walisema uchungu ukibebwa na wengi unakuwa mwepesi. Nikauliza swali lako. Watu waliongezeka, uchungu haukupungua. Baadaye wakaondoka mmoja mmoja, wakabeba na masufuria yao, na uchungu ukabaki pale pale. Nilikukasirikia. Nakukasirikia hata sasa. Ulikuwa mwalimu gani wa kuondoka kabla ya mtihani wangu?

Leo asubuhi mama alikuwa analia jikoni, kwenye ule mlango ambao hajaufuta. Baba nilimkuta nyuma ya zizi, akajifanya anatafuta kamba. Mimi nilikuwa nimeshalia kisimani. Tuko watatu hapa nyumbani, na hakuna aliyempunguzia mwenzake hata kidogo. Kila mmoja ana msiba mzima.

Sasa nalala, dada, nawe lala. Siwezi kukuahidi kufaulu, naogopa kukudanganya. Nakuahidi nitaingia chumba cha mtihani, nitaiweka penseli juu ya dawati, na nitauliza kwanza, kama ulivyonifundisha. Na wakinitega kwa wale kuku watatu, sitaandika saba.

Mdogo wako,
Minza