Mwagilia Tu, Ndani Usiingie

Jumanne, 4 Machi

Wamebomoa nyumba ya baba! Mchana, saa ya chakula, nimefungua mchezo kwenye simu nimwagilie maua yake kama kawaida — hakuna maua. Hakuna nyumba. Kiwanja kitupu na kibao: KINAUZWA. Nimeacha kola mbili kwenye cherehani hazijageuzwa.

Miaka sita anaijenga. Tangu miguu yake igome, matembezi yake yote ni humo kwenye mchezo. Anatoka barazani, anazunguka mtaa, anapiga soga na majirani. Na Jumamosi anatoka hospitali. Wiki saba kalala pale, na kila nikienda swali ni lile lile: nyumba yangu je?

Jumatano, 5 Machi

Huduma kwa wateja wamejibu. Eti kanuni, kifungu cha saba: mwenye nyumba asipoingia ndani siku arobaini na tano, inabomolewa. Nikawaandikia kwamba nilikuwa nafungua akaunti yake kila siku ya Mungu, namwagilia! Wakasema bustani haihesabiki, lazima mtu avuke mlango. Halafu chini: "Asante kwa kucheza nasi." Asante ya nini? Mijitu haina haya!

Siku aliyolazwa baba alinipa neno lake la siri akiwa juu ya machela, kidole hewani: mwagilia tu, ndani usiingie. Maana mwaka jana niliingia, nikabonyeza vibaya, nikamuuzia kabati. Basi nikatii. Wiki saba nasimama mlangoni na ndoo yangu, kumbe najisumbua bure.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenzangu tunayemwita Sindano, tunayeshona naye, kacheka mpaka machozi. Eti nyumba ya kwenye simu ndiyo inaninunisha siku tatu? Nikamwuliza, yako wakiibomoa ukiwa wodini utacheka? Akafuta machozi. Halafu akataka kujua kama mzee keshaambiwa.

Hajaambiwa. Jioni kaniuliza tena, nikasema ipo, baba, na maua yamechanua. Ulimi huu!

Jumamosi, 8 Machi

Kafika. Chai hajaigusa, anataka kompyuta. Nikasema intaneti inasumbua. Kanitazama tu, nikaiwasha.

Akatembea polepole, akamsalimia jirani, akakata kona. Akasimama. Kibao.

Akaniuliza kwa sauti ndogo: ulikuwa unamwagilia kweli, mwanangu? Nusura nipayuke — kila siku! Ni wewe uliyenikataza kuingia! Lakini nikamwona anasogeza kipanya, anakizunguka tena kile kiwanja kitupu. Nikasema nilipitiwa, baba, kazi zilinizidi, nisamehe. Akanikaripia ile ya zamani, ya kunitaja mimi na uvivu wangu tangu darasa la kwanza. Nikainamisha kichwa. Afadhali aniseme mimi kuliko ajiseme yeye.

Nikadhani yameisha. Yameisha wapi! Niko jikoni naandika, na yeye kashaitisha miwani. Anasema haiwezekani wambomolee mtu nyumba kwa sababu ya maua kukauka, lazima awaandikie barua watoke jasho. Anasoma kanuni zao kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na kila kimoja anakitukana. Hasira imemrudishia nguvu, sijamsikia hivi tangu alazwe. Nimefikiria kuchomoa waya wa intaneti. Nimeushika kabisa, upo mkononi.

Kamaliza cha sita.