Mbwa Wako Amefungwa Kamba

Nyumbani, nyuma ya shule,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko kazini? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama trekta? Sisi wazima, ila goti la mama, ambalo unalijua. Shemeji yako anakusalimu na anauliza koti lake.

Sasa usishtuke. Karani, mbwa wako, ametokwa na mnyoo wa Guinea mguuni. Ndiyo, ule ule uliomlaza mama tulipokuwa wadogo, ukamwachia goti bovu. Tulidhani tumeshauzika.

Mhudumu wa afya anauvuta taratibu, akiuzungushia kijiti, maana ukikatika ni balaa. Karani tumemfunga uani. Akitia mguu bwawani tu, mnyoo utamwaga vijidudu vyake katika maji tunayokunywa, na mwakani tutauguzana mtaa mzima.

Fundi baiskeli alitaka auawe, yaishe. Mama, aliyemfukuza mbwa huyo kwa ufagio miaka nenda rudi, akamjibu, "Mbona mimi nilipougua hamkuniua? Mbwa wa mwanangu haguswi!" Tangu hapo yeye ndiye muuguzi. Anamlisha kwa mkono wake huku akimsimulia habari zako. Ukimtania, anasema analinda bwawa, si mbwa.

Jumanne ulipopiga simu, niliweka spika ili mama akusikie. Kumbe Karani naye anasikia! Alikata kamba, akashika njia ya bwawani, kule mlikokuwa mkienda pamoja kila jioni. Simu haikukatwa na mtandao, ndugu yangu. Niliitupa, nikamkimbilia. Sikumpata.

Mama alijikongoja hadi mlangoni, akatia vidole kinywani, akapiga ule mluzi wako wa kumwita Karani. Yeye aliyekuchapa kwa kupiga mluzi ndani ya nyumba! Karani alisimama karibu kabisa na maji, akageuka, akarudi mbio. Alimpita mama, akaingia chumbani kwako, akakutafuta hadi uvunguni. Mama akamfuata, akaketi kitandani kwako, akalia. Nami nikalia.

Mnyoo sasa unakaribia kwisha. Wasalimie wenzako wa karakana. Shangazi na shemeji yako wanakukumbuka sana. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe salama.

Ila siku kamba ikifunguliwa, uje upige mluzi mwenyewe. Mama anasema hana moyo wa kumdanganya Karani mara ya pili.

Dada yako akupendaye.