Spika za Sebule Kubwa

Swahiba, nimeumbuka dukani!

Si unajua tangu tumzike mke wangu, ile sebule kubwa inanijibu kila nikikohoa? Nikaenda kutafuta spika za bei nafuu. Nikamweleza muuzaji ukubwa wa sebule, nikamtambia kwamba ujanani nilipiga ngoma hadi paa likang'oka. Akaunganisha simu yangu na spika kubwa ili nichague wimbo.

Kidole kikagusa ujumbe wa sauti wa marehemu. Duka zima likamsikia: "Wewe mzee, acha soga, lete chumvi!"

Watu wakacheka. Muuzaji akasema, "Mzee, kimbia, mama anangoja."

Anangoja, swahiba! Anangoja!

Nikaitikia, "Nakimbia, mwanangu." Machozi hayo.

Nikachukua spika ndogo. Akanionya, "Hizo hazitaijaza sebule yako."

Nikamwambia, "Hata hizo kubwa haziwezi."